Kumlipia Ada Mwanafunzi Maskini Hakutoshi

Ni desturi njema iliyozoeleka katika misikiti mingi ya nchi yetu kwamba kijana wa familia isiyo na uwezo anapopata nafasi ya chuo, jambo lake hutangazwa baada ya swala ya Ijumaa na waumini wakachangia ada. Watu hutoa kwa moyo mkunjufu, na mzazi hutoka msikitini akiwa na furaha. Baada ya hapo habari za kijana huyo aghalabu husikika mara moja tu: ama amemaliza, ama inajulikana, pengine baada ya mwaka mzima, kuwa aliacha chuo zamani. Wanaoisikia habari hii ya pili husema kijana aliichezea bahati yake, na mazungumzo huishia hapo.

Katika toleo hili tunapenda kulitazama jambo hilo kwa utulivu zaidi. Tumechagua kuanzia mbali, nchini Marekani, katika vyuo vinavyojulikana huko kama vyuo vya jamii. Tumefanya hivyo si kwa sababu kila cha Marekani ni cha kuigwa, bali kwa sababu huko swali la kwa nini mwanafunzi maskini huanza chuo asimalize limepimwa kwa hesabu kwa miaka mingi, na majibu yaliyopatikana yanamhusu kila anayemchangia mwanafunzi, popote alipo. Elimu yenye manufaa haiulizwi imetoka nchi gani.

Chuo cha jamii ni chuo cha umma ambacho masomo yake ya kawaida ni ya miaka miwili. Kikongwe kuliko vyote ni Joliet Junior College, kilichoanzishwa mwaka 1901 katika jimbo la Illinois, na leo viko takriban elfu moja nchi nzima. Ada zake ni nafuu kuliko za vyuo vikuu, na kwa kawaida havichagui: aliyemaliza sekondari hupokelewa. Humo husomeshwa uuguzi, uhasibu, ufundi wa magari, kompyuta, na pia masomo ya mwanzo ya shahada ambayo mwanafunzi huweza kuhamia nayo chuo kikuu. Kwa hiyo ndiko wanakokimbilia watoto wa wafanyakazi wa mishahara midogo, akina mama wanaolea watoto peke yao, watu wazima waliopoteza kazi, na wahamiaji. Hata kwa wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili, wale Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi kama ya Nyarugusu mkoani Kigoma kisha wakahamishiwa Marekani, chuo cha jamii ndio mlango wa elimu ya juu ulio karibu nao zaidi.

Kwa muda mrefu juhudi kubwa huko ilielekezwa kwenye ada. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu, iliyoiingiza serikali kuu katika kazi ya kuwasaidia wanafunzi wenye dhiki. Mwaka 1972 ukaanzishwa msaada wa fedha ambao tangu mwaka 1980 unaitwa kwa jina la seneta Claiborne Pell. Huo si mkopo. Mwanafunzi harudishi kitu. Katika mwaka wa masomo wa 2025/2026 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, fedha ambayo katika vyuo vingi vya jamii inalipa ada yote na kubakisha. Mtu angetaraji kwamba, kwa mlango uliofunguliwa hivyo na ada iliyolipwa hivyo, wengi wangefika mwisho. Haikuwa hivyo. Wengi waliingia, na wengi mno miongoni mwao wakatoka mikono mitupu.

Sababu zake ni za aina tatu, na inafaa tuzieleze moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni gharama ambazo haziitwi ada. Chuo cha Amarillo, kilichopo kaskazini mwa jimbo la Texas, kiliwauliza wanafunzi wake ni nini kinachowazuia kufaulu. Waliokuwa wakiuliza walitaraji kusikia habari za hisabati na mitihani. Walichoambiwa ni malezi ya watoto, usafiri, kodi ya nyumba, chakula, matibabu na bili za umeme. Vikwazo vikubwa vilikuwa nje ya darasa. Gari la mwanafunzi likiharibika, hafiki chuoni wiki mbili; akikosa wiki mbili, anashindwa mtihani; akishindwa mtihani, anaona aibu kurudi. Gharama ya kulitengeneza gari lile ilikuwa ndogo sana kuliko ada iliyokwisha kulipwa. Chuo hicho kikafungua kituo cha msaada chenye ghala la chakula, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, na mfuko wa dharura wa kumsaidia mwanafunzi kabla jambo halijaharibika. Mwaka 2023 kilikuwa miongoni mwa vyuo viwili vilivyogawana Tuzo ya Aspen, ambayo ndiyo tuzo mashuhuri zaidi ya vyuo vya jamii nchini humo.

Ya pili ni kutojua. Mtoto ambaye baba yake na mama yake walisoma chuo hukuta nyumbani mtu wa kumwambia fomu ipi ijazwe na lini, somo lipi lichukuliwe kwanza, na mwalimu aendewe vipi. Mtoto wa fukara huingia chuoni kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku katika mji asioujua. Msaada upo, lakini yeye hajui kama upo, au anajua ila fomu zinamshinda. Idara ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya Desemba 2018 kwamba, kati ya wanafunzi takriban milioni 3.3 walioelekea kuwa na sifa za kupata msaada wa chakula wa serikali mwaka 2016, chini ya nusu ndio waliosema kuwa wanaupata. Fedha ilikuwa imetengwa, na wanafunzi walikuwa na njaa, lakini hapakuwa na mtu wa kuviunganisha viwili hivyo.

Ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba mwanafunzi huyo hana anayemuuliza. Akikosa darasa siku tatu, hakuna anayeshtuka. Katika vyuo vya kawaida vya jamii mshauri mmoja alikuwa akibebeshwa wanafunzi mia sita, na pengine hadi elfu moja na mia tano. Mtu mwenye watu wengi kiasi hicho hawezi kumjua hata mmoja wao kwa jina.

Mwaka 1968 serikali ya nchi hiyo ilianzisha huduma maalumu kwa wanafunzi wenye dhiki waliokwisha kuingia vyuoni. Ilikuwa ni huduma ya tatu baada ya mbili zilizotangulia, na ndipo kundi lote likaitwa TRIO. Walengwa wake ni watu wa namna tatu: wenye kipato cha chini, wenye ulemavu, na wale ambao wazazi wao hawana shahada. Sheria inataka walau theluthi mbili ya wanaohudumiwa wawe ni wenye ulemavu, au wawe na dhiki mbili kwa pamoja, yaani kipato cha chini na wazazi wasio na shahada. Hawa hufundishwa ziada katika masomo yanayowashinda, husaidiwa kuchagua masomo na kujaza fomu za misaada, huelekezwa namna ya kutunza fedha, na wanaotaka kuendelea huongozwa hadi chuo kikuu. Tazama kwamba kazi kubwa hapa si kugawa fedha bali ni kumshika mtu mkono.

Lakini ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka katika jiji la New York. Mwaka 2007 vyuo vya jamii vya jiji hilo, vilivyo chini ya Chuo Kikuu cha Jiji, vilianza mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi aliyekubaliwa alilipiwa sehemu ya ada iliyokuwa haijafidiwa na misaada mingine, alipewa vitabu vya kutumia bila malipo, na kila mwezi alipata kadi ya nauli ya mabasi na treni. Aliwekwa chini ya mshauri mwenye wanafunzi sitini hadi themanini tu, na alitakiwa kuonana naye mara kwa mara. Naye kwa upande wake alikuwa na wajibu: kusoma muda wote na si kwa kudokoa, kuyaanza mapema masomo ya kurekebisha udhaifu wake, na kuhudhuria mafunzo ya ziada. Kadi ya nauli ilitegemea utekelezaji wa masharti hayo.

Wachunguzi wa taasisi ya utafiti iitwayo MDRC wakaupima mpango huo katika vyuo vitatu. Waliwachukua wanafunzi wapatao mia tisa wa familia za kipato cha chini, waliokuwa na udhaifu katika masomo ya msingi, wakawagawa kwa kura: nusu waingie katika mpango, na nusu wabaki na huduma za kawaida za chuo. Kwa kuwa ni kura iliyogawa, hakuna awezaye kusema kwamba upande mmoja ulipewa wenye akili na upande mwingine wazembe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, waliomaliza katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 22. Katika kundi la mpango walikuwa asilimia 40. Vijana walikuwa wa namna moja, mitaa ilikuwa ileile na walimu walewale, lakini waliomaliza walikaribia kuwa maradufu.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo tungependa kila mweka hazina wa msikiti alisome mara mbili. Mpango huo ulimgharimu kila mwanafunzi takriban asilimia 63 zaidi ya gharama ya kawaida. Kwa mtazamo wa haraka huo ni ubadhirifu. Lakini walipogawanya gharama yote kwa idadi ya waliomaliza, waliona kwamba gharama ya kumpata mhitimu mmoja ilishuka kwa takriban asilimia 11. Maana yake ni kwamba kilicho ghali hasa ni kumlipia mtu ada kisha kumwacha aanguke njiani. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huenda mtu akasema kuwa hiyo ni bahati ya New York na utajiri wake. Mpango huo ulipelekwa katika vyuo vitatu vya jimbo la Ohio, ukapimwa kwa njia ileile ya kura, na baada ya miaka mitatu waliomaliza walikuwa asilimia 35 dhidi ya asilimia 19 ya wenzao. Kwa hiyo siri haikuwa katika mji bali katika namna ya kumhudumia mwanafunzi.

Jimbo la Tennessee nalo lina funzo, na hili linazikaribia jumuiya zetu zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2014, vijana wa jimbo hilo wanaomaliza sekondari, kuanzia wale wa mwaka 2015, husoma chuo cha jamii bila kulipa ada, kwa kufidiwa kile ambacho misaada mingine haikukifikia. Pamoja na hayo kila kijana hupangiwa mlezi wa kujitolea: mtu wa kawaida wa mji wake, mwenye kazi zake, anayeombwa kutoa kiasi cha saa moja kwa mwezi kumkumbusha tarehe, kumuuliza hali, na kumtia moyo. Kijana mwenyewe hutakiwa kufanya saa nane za kazi ya kuihudumia jamii katika kila muhula. Anayesaidiwa naye husaidia, na hivyo heshima yake hubaki.

Hatupaswi kuficha kwamba huduma hizi hazina dhamana ya milele. Mwaka 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza katika bajeti yake kuifuta TRIO yote, na baadhi ya ruzuku zikasitishwa. Jambo linalotegemea mfuko mmoja wa serikali laweza kutikiswa na kalamu moja. Hilo nalo ni somo kwa wale wanaosubiri kila kitu kutoka serikalini.

Sasa turudi nyumbani. Nchini Tanzania mlango umefunguliwa kwa kiasi ambacho wazazi wetu hawakukiona. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023. Mwaka 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilifungua dirisha la mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Haya ni mambo ya kushukuru. Hata hivyo mwanachuo wa chuo cha kati, anayesomea uuguzi, ualimu, ufundi au kilimo, ni ndugu wa yule wa Amarillo na New York. Naye hupanga chumba mtaani na kudaiwa kodi. Naye hulala na kikombe cha uji siku ya mtihani. Naye hupelekwa mafunzo kwa vitendo katika wilaya ya mbali bila nauli wala mahali pa kufikia. Naye huikosa tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo kwa sababu cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha baba hakikupatikana kwa wakati, na hapakuwa na mtu wa kumwelekeza. Binti katika hali hiyo ana mtihani mkubwa zaidi, kwani wapo wanaomvizia na kumpa fedha anayoihitaji kwa bei ambayo hakuna mzazi angeiridhia.

Wapo wanaosema kwamba kumfuatilia kijana hivyo ni kumdekeza, na kwamba mwenye nia hufika tu. Tunawaheshimu, lakini hesabu haziko upande wao. Vijana wa New York waliogawanywa kwa kura hawakutofautiana nia. Walitofautiana katika kupata nauli, vitabu, na mtu wa kuwauliza. Na waliosaidiwa hawakuachwa wafanye wapendavyo, bali walifungwa kwa masharti kuliko wenzao. Kumfuatilia mtu kwa masharti ni malezi, na malezi si kudekeza.

Wala jambo hili si geni katika historia ya elimu yetu. Anayeijua Al-Azhar ya Cairo anazijua riwaqi zake, makazi ya wanafunzi waliotoka pande mbalimbali za dunia, ikiwamo ile ya Jabarti kwa ajili ya watu wa Pembe ya Afrika. Katika riwaqi mwanafunzi hakupewa darsa peke yake. Alipewa mahali pa kulala, fungu la mkate kutoka katika wakfu, na sheikh wa kumsimamia. Waliozijenga walijua kwamba mwenye njaa hahifadhi, na kwamba mgeni asiye na mwenyeji hupotea.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti mambo manne, ambayo hayahitaji utajiri wa New York.

Kwanza, liwepo daftari la wanavyuo wa mtaa. Liandikwe jina la mwanafunzi, chuo, fani, mwaka anaotaraji kumaliza, na namba ya simu. Kamati isiyojua ina wanafunzi wangapi haiwezi kujua wangapi wameacha.

Pili, kila mwanafunzi apewe mlezi mmoja. Si lazima awe tajiri wala msomi mkubwa. Mwalimu, muuguzi, karani au fundi aliyepita njia hiyo anatosha. Amuulize mara moja kwa mwezi: unahudhuria, unakula, unadaiwa nini, tarehe gani inakuja? Mabinti wapewe walezi wanawake, na akina mama wa msikiti wapewe nafasi kamili katika kazi hii.

Tatu, sehemu ya michango isitumike kwa ada, bali iwekwe kando kwa dharura ndogo: nauli, kodi ya mwezi mmoja, dawa, chakula cha wiki ya mitihani. Uamuzi wake usingoje kikao cha robo mwaka; watu wawili au watatu waaminifu waruhusiwe kutoa ndani ya siku moja au mbili na kuweka kumbukumbu. Kuhusu fungu litakalotumika, iwe ni sadaka, wakfu, au zaka kwa anayestahiki, wanazuoni wa kila mahali waulizwe. Na siri ya kijana itunzwe. Hakuna haja ya kutaja jina lake kwenye kipaza sauti ili apate shilingi elfu ishirini.

Nne, anayesaidiwa awe na wajibu. Alete matokeo yake kila muhula, na wakati wa likizo awafundishe wadogo zake hisabati au Kiingereza madrasani. Akimaliza na kupata kazi, awe mlezi wa mwingine.

Tunajua kwamba misikiti mingine ina paa linalovuja, na kwamba mweka hazina anatazama sanduku lisilojaa. Lakini sehemu kubwa ya tuliyoyataja ni saa za watu na si fedha zao, na kila msikiti una watu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Muhula ujao, kijana wa kwanza atakapotangazwa baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na kuuliza ada ni kiasi gani, aulizwe pia mtu wa kusimama naye hadi siku atakapomaliza. Mtu huyo ainue mkono palepale, na jina lake liandikwe.

Wabillahi tawfiq.